Msimu wa Kutouliza

Elul, tarehe 2, Alhamisi

Nimeanza kazi barazani kwa Rabi Avigdor, na tayari nimevunja kalamu. Rabi hakusema neno. Mkewe, ambaye mji mzima unamwita Mama Rabi, alisema mengi. "Unaishika kama mtu anayemkaba kuku. Legeza mkono, mwanangu, karatasi haiumi."

Karatasi inauma sana. Kazi yangu ni kuandika hati za talaka, maneno ya mashahidi, na maswali ambayo Rabi huwapelekea marabi wenzake. Nikikosea herufi moja katika hati ya talaka, mwanamke atatoka humu akidhani yuko huru, kumbe bado ni mke wa mtu. Walionifundisha chuoni waliniambia nina akili nzuri na moyo wa woga, na kwamba huku Zarechitz, mji mdogo kando ya mto Nemani, hakutokei jambo lolote. Nimewekwa chumba nyuma ya jiko. Asubuhi zote za mwezi huu hupigwa pembe ya kondoo dume sinagogini, kuwaamsha watu watubu kabla ya mwaka mpya. Mimi hainiamshi. Hunikuta macho.

Elul, tarehe 5, Jumapili

Jana ilikuwa Sabato, na Sabato hatuandiki. Naandika leo.

Ipo desturi kwetu kwamba mtu aliyedhulumiwa, hata awe fukara wa mwisho, anaweza kuzuia Torati isisomwe mpaka jamaa yote imsikilize. Nilikuwa nimeisoma vitabuni. Sikuwahi kuiona imevaa viatu. Jana gombo lilipokwisha kufunguliwa, mwanamke mmoja alishuka ngazi kutoka roshani ya wanawake, akapita katikati ya wanaume, akaweka viganja vyake juu ya meza ya kusomea. Viganja vilikuwa na alama za kuungua. Ni Brayne, mwoka mikate.

"Leo hamsomi," alisema.

Reb Leyzer-Ber (si rabi, Reb ni jina la heshima tu), mfanyabiashara wa mbao na mkuu wa sinagogi, aliinuka akatanguliza kitambi. "Rudi juu, mwanamke! Hapa si sokoni."

"Sokoni ningesikilizwa, Reb Leyzer-Ber. Sokoni nikipiga kelele, angalau bata hugeuka."

Kuna aliyecheka akajifanya anakohoa. Brayne hakucheka. Alisema mumewe Kalmen alikuwa akifanya kazi kwenye vyelezo vya magogo, akatumbukia mtoni, na huu ni mwaka wa tatu. Hakuna aliyemwona akitoka, wala aliyeiona maiti yake. "Mimi si mke, wala si mjane. Nikienda kwa Rabi naambiwa subiri. Binti yangu Pesele ananiuliza kama baba atarudi kwa sikukuu ya Hanuka. Fundi Mote hapo nyuma, msijifanye hamjui, anataka kunioa. Watoto wake hawana mama. Ndugu zake wamempa muda mpaka baridi ianze, halafu watamtafutia mke mji mwingine. Mnapiga pembe kila asubuhi, mnamwomba Mungu awafungulie malango. Na langu nani atafungua?"

Fundi Mote, anayeshona hatamu na matandiko ya farasi, alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

Rabi Avigdor ni mzee mdogo wa umbo, na aliposimama hakuongezeka sana. "Brayne, binti yangu," alisema, "una haki. Kabla mto haujaganda nitakupa jibu, ndiyo au hapana. Neno subiri hulisikii tena kinywani mwangu."

Brayne aliondoa mikono mezani. "Haya, someni." Akapanda ngazi. Msomaji alikuwa amesahau yuko mstari gani.

Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Naomba Mungu mwanamke yule asije akanihitaji kwa lolote.

Elul, tarehe 6, Jumatatu

Rabi amenieleza kesi huku akikoroga chai isiyo na sukari. Mtu akitumbukia kidimbwini, mahali unapoona kingo zote, ukangoja asitoke, amekufa. Lakini mto ni maji yasiyo na mwisho. Labda aliibuka mbali, kwenye kona usiyoiona, akaenda zake.

"Kalmen aende zake, amwache mtoto?" niliuliza.

"Sidhani. Lakini je, nimfungue mke wa mtu kwa sidhani? Kalmen akitokea, Brayne atakuwa na waume wawili, na watoto atakaozaa na Mote watabeba doa ambalo si mimi wala malaika anayeweza kulifuta." Alikoroga tena. "Kulikuwa na rabi huko juu ya mto. Alimfungua mwanamke. Mume akarudi siku ya soko, amebeba gunia."

"Na rabi?"

"Anaishi bado. Haketi tena mahali penye dirisha."

Kwa hiyo hata yeye anaogopa. Sikulitegemea. Nilikuja hapa nikidhani nitaegemea mti mkubwa.

Elul, tarehe 8, Jumatano

Mvua. Nimeandika barua kwa marabi wa miji ya chini ya mto, kama kuna aliyesikia habari ya Myahudi aliyeokotwa majini.

Elul, tarehe 9, Alhamisi

Mvua. Supu ya kabichi. Mama Rabi asema nainusa kama mtu anayetafuta sumu.

Elul, tarehe 13, Jumatatu

Ee Mungu, nimeharibu.

Nilipeleka barua gatini. Chelezo cha magogo kilikuwa kimefungwa hapo, na juu yake kijana mmoja, Yurka, mkulima wa ng'ambo ambaye si wa kabila letu wala dini yetu, anachoma viazi. Nilimsalimu, akanisalimu. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Mimi siongei hata na mbwa nisiyemjua. Nikamwuliza: "Je, ulimfahamu Kalmen, yule Myahudi wa magogo? Ni kweli alikufa?"

"Kalmen? Alikufa, ndiyo. Tulimtoa majini chini ya kinu. Wenzangu wakamzika palepale."

Nilikimbia. Nilianguka njiani, nikainuka, nikaingia barazani na tope mpaka magotini. Nilimwambia Rabi yote kwa pumzi moja. Mama Rabi alitoka jikoni na mwiko. Uso wa Rabi ulianza kufunguka kama dirisha, kisha ukasimama.

"Zelik," aliniita polepole. "Alilitaja mwenyewe, au ulimwuliza?"

Na hapo ndipo nilipokumbuka. Mimi, niliyesoma mlango huu wa sheria nikausahihisha kwa wenzangu! Mtu asiye wa kwetu huaminiwa katika jambo hili akizungumza tu, bila kujua kuwa maneno yake yana uzito, kama mtu anavyosimulia habari za njiani. Lakini akiulizwa, huenda akakujibu ili akuridhishe, au akuondoe. Ushahidi wake haufai tena.

"Nilimwuliza," nilisema.

Mama Rabi aliketi juu ya pipa la unga.

Rabi hakunigombeza. Aliuliza tu kama chelezo kilikuwa na watu wengine siku ile ya Kalmen. Nilisema Yurka alitaja wenzake. "Basi wapo wengine," alisema, "na hao hawajaulizwa." Kisha akaenda kusali sala ya alasiri, akaisali kwa muda mrefu mno.

Elul, tarehe 14, Jumanne

Mji wote umejua. Zarechitz habari haitembei, inaruka.

Brayne alikuja. Nilikuwa peke yangu barazani, na hakuna nguzo humu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Bonge la punguani! Ndama aliyevalishwa miwani! Miaka yote unasoma, unasoma, na siku moja ya kufunga domo huiwezi?" Alisema na mengine nisiyoandika. Kisha akaketi kwenye kiti cha mashahidi, na sauti ikamwisha. "Alikitaja kinu?"

"Chini ya kinu."

"Basi amekufa," alisema. "Mimi najua amekufa, wewe unajua, yule Yurka na viazi vyake anajua. Na bado mimi ni mke wake."

Alipoondoka aliacha mkate mezani, wenye mbegu nyeusi juu, bado una joto. Sijui kama alinipa au aliusahau. Niliogopa kuula, kisha nikaula.

Elul, tarehe 19, Jumapili

Jana Rabi alitangaza sinagogini: watu wa magogo wanaoteremka sasa mpaka mto ugande, asiwepo wa kuwauliza. Mtu asimtaje Kalmen, wala kuzama, wala maiti, wala kinu. Watu wawakaribishe, wawape chai, waongee nao habari za farasi.

"Na ya hali ya hewa?" aliuliza mtu.

"Ya hali ya hewa inaleta ya mto," alisema Rabi. "Farasi."

Mji wa Wayahudi umekatazwa kuuliza. Hapa ukimsalimu mtu "habari gani?", hukujibu "nani anataka kujua?" Leo nimepita nyumbani kwa Reb Leyzer-Ber, nikamwona kupitia mlango ameketi na watu wa magogo watatu, amewamiminia kinywaji chake kizuri, jasho linamtiririka, anasema: "Farasi! Farasi ni mnyama kabisa!" Nao wanamtazama kama mgonjwa.

Elul, tarehe 22, Jumatano

Mvua. Vyelezo viwili vimepita. Hakuna aliyesema.

Elul, tarehe 27, Jumatatu

Mvua. Chelezo kimoja. Mmoja wao alisimulia habari za farasi wake mpaka jua likazama. Hakuna aliyesema.

Tishri, tarehe 4, Jumapili

Mwaka mpya umepita, na Sabato baada yake. Leo tumefunga. Katika sala za mwaka mpya tulisoma nani ataishi na nani atakufa, nani kwa moto na nani kwa maji. Kwenye neno maji nilisikia roshani ya wanawake imekuwa kimya, na wanaume wote tukakosea pamoja mstari uliofuata.

Baadaye nilimwuliza Rabi jambo lililonisumbua. Sheria yetu ni kali: hata kesi ya mbuzi inataka mashahidi wawili wakamilifu. Iweje kumfungua mke wa mtu, jambo zito kuliko mbuzi wote, tukubali shahidi mmoja, tena mwanamke, tena mtumwa, tena maneno ya mpita njia?

"Unadhani walioiweka walikuwa wazembe?" aliuliza Rabi.

"Hapana, Rabi."

"Walikuwa waoga kama sisi. Lakini walimtazama mwanamke ameketi mlangoni mpaka anazeeka, wakajiuliza, heshima ya Mungu iko wapi hapo? Wakaona Mungu asingependa kulindwa namna hiyo. Kwa hiyo wakafungua kila dirisha walilolipata. Kila dirisha, Zelik. Ila hawakubomoa ukuta. Na mimi nimekaa miaka mitatu nikiutazama ukuta tu."

Tishri, tarehe 8, Alhamisi

Kesho jioni inaingia Siku ya Upatanisho. Dhambi za mtu kwa Mungu, siku hiyo huzisamehe. Za mtu kwa mwenzake haizigusi mpaka umwendee mwenyewe umwombe. Kwa hiyo leo nilikwenda kwa Brayne, nikijifunza maneno yangu njia nzima.

Mlangoni nilimkuta Rabi Avigdor, kofia mkononi. Nyuma yake Reb Leyzer-Ber.

"Umemkosea nini?" Reb Leyzer-Ber alininong'oneza, kana kwamba hajui.

"Niliuliza. Nawe?"

"Nilisema sokoni."

Brayne alitokeza kichwa, unga puani. "Ni nini hii, msiba au foleni ya mkate?"

Rabi alisema: "Binti yangu, nilikuambia subiri kwa sababu niliogopa, na sikukuambia kwamba niliogopa. Nilikuacha udhani ni Torati inayokufungia mlango, kumbe ni Avigdor. Nisamehe."

Brayne alitaka kusema jambo la ukali. Nilimwona akilitafuta mdomoni. Hakulipata. "Nimekusamehe, Rabi," alisema, na akafuta macho kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa na unga. Reb Leyzer-Ber alisamehewa pia, baada ya kukubali kwamba bata wana masikio. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimesahau kila neno.

"Wewe nilikusamehe zamani," alisema. "Hukuuona mkate?"

Tishri, tarehe 25, Jumapili

Siku zote za Sikukuu ya Vibanda sikuandika, si siku za kuandika. Tulijenga vibanda vya matawi uani tukala humo, na mvua ikala pamoja nasi. Kila tulipokimbilia ndani ilikatika, tukitoka ikaanza tena. Mama Rabi alisema huko juu kuna anayetuchezea.

Watu wa magogo walipita gatini mfululizo, nao mji mzima ukawakaribisha. Zarechitz sasa inajua majina ya farasi wa kila kijiji mpaka Grodno. Hakuna aliyesema.

Ndugu za Mote wamekuja. Niliwasikia wakimfokea karakanani: "Mwanamke aliyefungwa ni kisima chenye kifuniko! Utakaa na kiu?" Mote ni mtu wa maneno machache, na hata yale machache huziambia gidamu za ngozi. Aliendelea kushona. Mwishowe akasema: "Nitakaa mpaka barafu." Nilikuwa nikimwona mzito wa akili. Simwoni hivyo tena.

Heshvan, tarehe 5, Jumatano

Mvua.

Heshvan, tarehe 6, Alhamisi

Mvua. Majibu ya marabi wa chini ya mto yamefika. Hakuna aliyesikia lolote.

Heshvan, tarehe 11, Jumanne

Leo, nikinakili hukumu za zamani za Rabi, nilikuta jambo: mtu asiye wa kwetu akianza mwenyewe, bila kuulizwa, ikishapita hapo unaweza kumwuliza mpaka aeleze yote, na maneno yake yanasimama. Nilimpelekea Rabi karatasi.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Ila mwanzo lazima uwe wake, na uwe mwanzo kweli. Akitaja tu, labda, kifo cha mtu fulani, na wewe ukamrukia mapema..."

"Nitajuaje kama ni mwanzo kweli?"

"Utajua."

"Na nisipojua?"

"Zelik," alisema Rabi, "nenda ukale."

Heshvan, tarehe 17, Jumatatu

Theluji kidogo, ikayeyuka. Vyelezo vimepungua. Pesele, binti wa Brayne, alikuja kununua maziwa kwa Mama Rabi, akaniuliza kama kweli mimi ndiye ndama mwenye miwani. Nilikiri.

Heshvan, tarehe 24, Jumatatu

Vipande vya barafu vinaelea ukingoni. Rabi huenda mtoni kila siku baada ya sala, hugonga barafu kwa fimbo yake, kisha hurudi. Nimemsikia chumbani kwake akizungumza, nikadhani ana mgeni. Hakuwa na mgeni. Alikuwa anamwambia Mungu: "Nimeahidi mbele ya gombo lako. Nikisema hapana, nitasema, lakini ujue ni wewe utakayemtazama usoni kila asubuhi akitandaza unga. Mimi nitabadilisha njia."

Heshvan, tarehe 27, Alhamisi

Niandike polepole, kila neno mahali pake.

Alhamisi Brayne huoka mikate ya Sabato. Mama Rabi alinituma kuchukua ya nyumbani. Nilikuwa nimesimama karibu na tanuri nikiota moto, pamoja na Mote aliyeleta kamba, au alisema ameleta kamba. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee wa magogo, masharubu yamekuwa barafu. Kwa jina ni Astap. Hatukumjua.

"Mama mkate, nipe kitu cha moto kabla sijawa gogo mimi mwenyewe."

Brayne alimpa mkate. Mzee alivunja, akala, akaanza kuongea, na kuongea alikuwa nako. Chelezo chake ndicho cha mwisho mwaka huu. Magogo yanafunguliwa sasa hivi, wenzake wanamngoja, maana wakilala hapa barafu itawakamata. Yeye harudi tena mtoni. Magoti yamekwisha. Mkwe wake ana shamba la vitunguu na ulimi kama shoka. Mote, maskini, aliuliza kuhusu farasi. Astap alisema hana farasi, ana mkwe.

Alimeza kipande cha mwisho, akapapasa makombo masharubuni.

"Mtoni nimeacha vijana wengi," alisema. "Hata Myahudi mmoja nilimzika kwa mikono hii. Chini ya kinu, penye mierebi. Kasisi wetu alikataa, wenu hakuwepo, nikamwambia Mungu, mpange mwenyewe. Haya, kwaherini." Akavaa glavu zake.

Brayne alikuwa ameshika koleo la tanuri. Hakusogea. Mote alinitazama mimi. Kutoka mtoni walikuwa wanamwita: "Astap! Astap, we kobe!"

Hakutaja jina. Myahudi mmoja. Wayahudi wangapi wamezama Nemani? Akitoka mlangoni na barafu ikaufunga mto, hatuna kitu. Nikimwuliza na kama ule haukuwa mwanzo kweli, nimeua ushahidi wa pili kama nilivyoua wa kwanza. Rabi alikuwa sinagogini, mlima wa theluji kati yetu. Nilishika ukingo wa tanuri bila kuangalia, na kiganja kikaungua, na nadhani ni maumivu ndiyo yaliyonifungua kinywa. Alianza mwenyewe. Hakuna aliyemwita kwenye jambo hilo. Ulikuwa mwanzo.

"Babu," nilisema. "Myahudi yupi?"

Mote alifumba macho.

"Kalmen," alisema Astap, mkono uko kwenye kitasa. "Wa hapahapa kwenu, Zarechitz. Nilifanya kazi naye miaka minne. Aliimba kama mlango usiotiwa mafuta."

"Ulimwona uso?"

"Kama ninavyokuona. Ilikuwa kesho yake asubuhi, maji baridi, uso wake mwenyewe. Na kidole gumba cha kushoto kilichokatwa na mnyororo. Mwenye magogo, bwana mmoja wa juu ya mto, akatuambia tunyamaze, polisi wangetuzuia mpaka mbao zioze. Mie sasa naacha kazi, wataninyima nini? Alikuwa mtu mwema. Kila safari alileta mkate wa mkewe akatugawia, wenye..."

Alitazama mkate mezani, mbegu nyeusi juu yake. Kisha akamtazama Brayne, na uso wake ukabadilika polepole. Akavua kofia.

"Sikujua, dada," alisema. "Haki ya Mungu, sikujua ni kwako."

Brayne aliweka koleo chini. Alichukua mkate mwingine, akaufunga kwa kitambaa, akamtia mkononi. "Wa njiani," alisema. Ni neno pekee alilolisema. Astap alitoka akiwa bado kichwa wazi kwenye theluji.

Heshvan, tarehe 28, Ijumaa

Rabi amenisikiliza mara nne. Mimi niliyezoea kuandika mashahidi ndiye shahidi sasa, na kiti kile ni kigumu. Aliuliza hasa juu ya kofia. Aliivua kabla au baada? "Baada, Rabi. Alipoutambua mkate." Rabi alinyanyuka akazunguka meza. "Kwa hiyo alipoanza hakujua yuko mbele ya nani. Iandike kofia, Zelik! Iandike yote!"

Kisha akaniambia ametuma farasi wa Reb Leyzer-Ber wawalete marabi wawili wa miji jirani. Jambo kama hili marabi hawalibebi peke yao.

"Bado unaogopa, Rabi?" nilimwuliza.

"Sana. Na wewe kiganja vipi?"

Tuliketi tukaogopa pamoja, naye akanipaka mafuta ya bata bukini ya Mama Rabi.

Kislev, tarehe 3, Jumanne

Mto uliganda leo alfajiri. Marabi wawili walikuwa wamefika jana, mmoja mnene mwenye mafua, mwingine kijana mkali mwenye saa ya mfukoni. Walibishana mpaka adhuhuri. Walinihoji kila mmoja peke yake, wakamhoji Mote, wakamhoji Brayne. Yule kijana aliuliza kama mikate yenye mbegu nyeusi haiokwi na wengine. Mama Rabi akaleta mkate, wakauonja wote watatu kwa utulivu wa kisheria, na wakauliza kama upo mwingine.

Kisha Brayne aliitwa. Rabi Avigdor alisimama. "Brayne, tumesikia na tumepima. Umefunguliwa. Unaruhusiwa kwa mtu yeyote umtakaye."

Nilikuwa nimengojea kilio cha furaha. Nilikuwa hata nimetayarisha uso wangu. Brayne aliinama akafungua viatu vyake, akaviweka kando, akaketi sakafuni.

Ndipo nilipoelewa, na nadhani marabi nao walielewa pamoja nami. Majira yote haya tulikuwa tumekitafuta kifo cha mtu kama watu watafutao ng'ombe aliyepotea, na kwa kukipata tulishangilia. Kwa Brayne, Kalmen alikuwa amekufa sasa hivi. Habari ya kifo ikichelewa hivi, sheria haimpi mfiwa siku saba za kukaa chini. Inampa saa moja.

Mama Rabi alileta mayai ya kuchemsha, chakula cha wafiwa, akaketi sakafuni naye. Rabi Avigdor akashuka kwenye kigoda. Kupitia dirishani nilimwona Mote amesimama nje kwenye theluji. Alikuwa amekuja na ndugu zake. Aliwaambia warudi, akabaki yeye, na hakuingia. Saa hii haikuwa yake.

"Tuambie habari zake," alisema Rabi.

Brayne alimenya yai, hakulila. "Alikuwa anaogopa maji," alisema. "Hamkujua hilo. Hakuna aliyejua. Hata ndoo alikuwa akiichungulia kwa mbali. Kila majira ya magogo usiku wa kuondoka hakulala, na asubuhi anakwenda." Akacheka, na machozi yakaja ndani ya kicheko. "Akiimba ni kwa sababu ya woga, yule. Kwa vile sauti yake ilikuwa mbaya, wenzake walimfokea, basi akafikiri kufokewa nao ni bora kuliko ukimya wa mto..." Akaendelea. Alisimulia jinsi Kalmen alivyomchumbia kwa kununua mikate asiyoihitaji mpaka nyumbani kwao wakawalisha kuku. Alisimulia siku Pesele alipozaliwa. Pesele mwenyewe alikuwa amekuja akaketi mapajani pake, anasikiliza kama hadithi ya mtu mpya.

Saa ilikwisha. Nilijua imekwisha, maana rabi kijana alitoa saa yake mfukoni, akaifungua, akavuta pumzi ya kusema. Rabi Avigdor, ambaye hajawahi kuchelewesha sala hata kwa kupiga chafya, alinyoosha mkono wake mzee, akaifunika ile saa kwa kiganja, akaiacha imefunikwa hivyo.

"Na mkate wa kwanza aliununua lini, binti yangu?" aliuliza. "Hapo uliruka."